Nilivyomkalia Kifungo Bwana Rainaldo

Kama ulinikosa juma lililopita, hukukosa neema yoyote. Ulikosa kusikia jinsi mimi, Ansaldo wa Roccaverde, mtoto wa tatu wa baba asiye na shamba la kugawa, nilivyoshona msalaba begani nikaikomboe Yerusalemu, nikaishia Ugiriki kugombea mizeituni ya Wakristo wenzangu. Yerusalemu sijaiona mpaka leo. Nimewauliza waliofika, wananiambia kuna joto.

Ulikosa pia nilivyopata ngome ya Petrovuni juu ya jabali, na nilivyomwoa Evdokia, Mgiriki aliyezaliwa humo humo ndani ya ngome ile, tukamzaa binti yetu Irini. Ngome nilipewa na Bwana Rainaldo, mkubwa wetu sisi Walombardi, Waitalia wa kaskazini, tuliokuwa bonde lile. Nilipiga magoti mbele yake kichwa wazi, bila upanga, nikaweka mikono yangu miwili katikati ya mikono yake, nikaapa kuwa mtu wake mpaka kufa. Akanibusu mdomoni, tukaenda kula.

Na tuliachana pale Bwana Rainaldo alipokamatwa. Alikuwa kwenye matete anawinda bata, hana hata vazi la chuma, watu wa Kyr Leon wakamtoa majini kama gunia la nguo mbichi.

Huyu Kyr Leon, yaani Bwana Leon kwa Kigiriki, ni Mgiriki mkubwa wa milimani. Sisi tulishindwa kumpiga, naye alishindwa kutufukuza. Ni binamu wa mke wangu, kwa hiyo tukichinjana, tunachinjana kishemeji.

Leon hakutaka dhahabu. Alimtaka mdogo wake, Alexios, ambaye Rainaldo alikuwa amemfungia gerezani kwake tangu vita vya nyuma. Akatuma neno: Rainaldo aende mwenyewe akamfungue kijana, ila hatoki mpaka mtu wake mmoja wa kiapo aje kukaa mahali pake. Akikosekana wa kuja, Rainaldo atabaki huko huko hadi azeeke.

Na sheria yetu ndiyo hiyo hiyo. Bwana akiwa kifungoni, mtu wake anamkalia.

Tulikutana sote tuliomwapia, tukatazamana. Tebaldo akashikwa na tumbo la ghafla pale pale mezani. Mwingine akakumbuka ana nadhiri ya kwenda kuhiji, tena upesi. Mwingine akasema mke wake ni mjamzito, wakati wote tulijua mke wake yuko Milano na hajamwona tangu tuvuke bahari.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Wakanipiga mabega. Wakaniita simba. Tebaldo tumbo lilimpoa papo hapo, akaagiza divai nyingine.

Nyumbani Evdokia alinisubiri mlangoni, habari imeshamfikia.

"Mwache huko huko," akasema.

"Mama Irini, nimeapa."

"Umeapa, umeapa! Na mimi hukuniapia kanisani? Au kile kilikuwa kiapo cha kuchezea?"

"Hayo ni mengine. Bwana ni bwana."

"Nisikilize, baba Irini. Leon hatamuua. Atamweka tu, anamlisha dengu. Mwache akae, na sisi tupumue."

"Haya ni mambo ya watu wa upanga. Huwezi kuyaelewa."

Alikaa kwenye kizingiti akalia kwa sauti, kilio cha msiba. Nikadhani ananililia mimi. Nikajisikia mtu wa maana sana, nikapanda farasi kifua mbele, mjinga mimi.

Kyr Leon alinipokea kwenye uwanja wa mnara wake. Alikuwa anakula tini, anamenya kwa vidole, hana haraka.

"Shemeji!" akaniita. "Umekuja mwenyewe? Kwa miguu yako?"

"Nimekuja kumkalia bwana wangu."

"Na binamu yangu amekuruhusu?"

"Mke wangu hanipi ruhusa."

Leon akaacha kutafuna. Nikaona anataka kusema neno, kisha akalimeza pamoja na tini.

"Haya," akasema. "Kila mtu na kichwa chake."

Wakamleta Bwana Rainaldo. Alikuwa mchafu, ndevu zimefungamana, lakini aliponiona akafungua mikono miwili.

"Ansaldo! Mwanangu! Nilijua ni wewe. Nilimwambia huyu Mgiriki, watu wangu wote ni wanawake isipokuwa mmoja."

Akanibusu. Machozi yakanitoka. Nawaambia ukweli, yalinitoka.

"Nitarudi kabla jasho lako halijakauka," akasema. "Naapa kwa kidole cha mtakatifu kilichoko kanisani kwangu. Nafika, namfungua kijana, namleta, unatoka."

"Najua, bwana wangu."

Akajitazama kuanzia miguuni. "Ila aibu, Ansaldo. Nitapita vijijini hivi? Bila mkanda, bila upanga? Wakulima watanicheka. Wakinicheka mimi, wanawacheka ninyi nyote."

Sasa ninyi mtasema, si apite na aibu yake? Ndivyo asemavyo mtu asiyelelewa kama nilivyolelewa mimi. Kwetu bwana hapandi farasi uchi wa mkanda wakati mtu wake anao. Nikaufungua mkanda wangu, nikamfunga kiunoni kwa mikono yangu. Nikampa upanga. Nikampa na farasi.

"Na pete," akasema, kama mtu anayeomba chumvi. "Walinivua yangu. Bwana bila pete ya muhuri, nani atamsikiliza langoni?"

Nikaivua ile pete yenye alama ya nyumba yangu, nikamvisha.

Leon alikuwa ameacha kula kabisa. "Shemeji," akasema, "na suruali je? Humpi?"

Watu wake wakaangua kicheko. Rainaldo akapanda, akanipungia, akashuka mlima. Hakugeuka hata mara moja. Nilijiambia ni haraka ya kunitoa.

Gerezani nilikuwa na mzee mmoja, Stathis, ambaye kazi yake ilikuwa kunilinda na starehe yake ilikuwa kunicheka. Chumba kilikuwa chini ya mnara, ukuta unatoa maji. Kila asubuhi aliniletea dengu na mkate wa shayiri, akaketi juu ya ndoo tukaongea.

"Habari za bwana wako, Mlatini?" Ndivyo Wagiriki wanavyotuita sisi wa magharibi.

"Yuko njiani."

"Njia gani hiyo? Mbona mimi mbuzi wangu wakipotea wanarudi mapema kuliko yeye?"

"Ngojea utaona."

"Mimi kungojea sina taabu. Mimi nalala kwangu."

Theluji ikaja. Stathis akaniletea ngozi ya kondoo inayonuka, akasema ni ya mbwa wake lakini mbwa amekataa kuivaa. Nikaivaa mimi.

"Nikuulize kitu," akasema siku moja. "Kama ungekuwa wewe uko nje, na yeye yuko humu, ungerudi?"

"Ningerudi siku ile ile."

"Ndiyo maana uko humu," akasema, akachukua bakuli lake akaondoka.

Nilimkasirikia siku nzima. Kukicha nilikuwa bado namtetea Rainaldo moyoni. Labda mito imefurika, labda kijana anaumwa hawezi kusafiri. Nilimtungia bwana yule visingizio vingi kuliko alivyowahi kujitungia mwenyewe. Na katikati ya visingizio hivyo nilikuwa nawaona Evdokia na Irini, nasikia Evdokia anavyomwita mtoto aje kula, nikageukia ukutani Stathis asinione.

Theluji ikayeyuka. Shayiri ikachipua, ikakomaa. Asubuhi moja mlango ukafunguliwa, na aliyeingia hakuwa Stathis. Alikuwa Kyr Leon mwenyewe, peke yake, hana upanga.

"Shemeji," akasema. "Mdogo wangu amerudi."

Nikaruka. Nikapiga ishara ya msalaba, nikacheka, nikataka hata kumkumbatia. "Si nilisema? Si nilimwambia Stathis? Bwana Rainaldo ni mtu wa neno lake! Basi nimekuwa huru?"

"Amerudi kwenye punda. Mwanamke mmoja alikuwa anamwongoza kwa kamba."

"Anaumwa?"

"Hana macho, Ansaldo. Bwana wako amemtoboa macho yote mawili."

Nilikaa. Sikuwa na pa kukaa, nikakaa kwenye maji.

Kwetu, mateka wa upande mmoja akiharibiwa, mateka wa upande wa pili hulipa kwa kiungo kile kile. Sikuhitaji kuelezwa. Nilifunga macho yangu mwenyewe kwa viganja, kama mtoto anayedhani asipoona haonekani.

"Fanya haraka basi," nikasema.

"Ndivyo anavyotaka yeye," Leon akajibu. "Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi ya yote. Unadhani alimharibu kijana kwa hasira? Alimharibu ili mimi nikumalize wewe. Yule anataka nimfanyie kazi yake huku nikidhani nalipa kisasi changu. Mimi si kijakazi wake."

"Kwa nini anitakie kifo? Nimemkosea nini?"

Leon akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Misa yako ilishaimbwa tangu majira ya baridi. Nasikia ulililiwa vizuri sana. Yeye mwenyewe alishika mshumaa."

"Misa yangu?"

"Inuka. Nikikutoboa macho, nitakuwa nimekufanyia hisani, kwa sababu hutakiona kilichoko nyumbani kwako. Sikupi hisani hiyo. Nenda na macho yako ukatazame."

Akaniacha mlango wazi.

Stathis alinipa mkate na kipande cha jibini, akanisindikiza hadi penye njia panda. Mara hii hakunicheka, na hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Nikatembea bondeni na ngozi yangu ya mbwa begani. Watu walikuwa wanapura ngano. Mama mmoja aliyekuwa ananipa mayai kila Pasaka aliniona, akadondosha uma wake wa kupepetea, akajipiga ishara ya msalaba mara nyingi nyingi.

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe," akasema huku anarudi nyuma. "Tulikuimbia. Tulikula na ngano ya kuchemsha ya maziko yako. Rudi ulikotoka, baba, usituharibie mavuno."

Sikupita lango kuu. Nyuma ya ngome kuna njia ya mbuzi inayopandia kwenye bustani ya mboga, na bustani ina mlango mdogo wa mbao unaofungwa kwa ndani. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, jua limesimama utosini, saa ambayo Petrovuni nzima hulala, na kuku nao.

Siku ile komeo lilikuwa limeondolewa, na Evdokia alikuwa bustanini, amechuchumaa, anang'oa vitunguu.

Akainua kichwa. Hakupiga kelele. Alikiweka chini kitunguu alichoshika, polepole, kama kinaweza kuvunjika.

"Umekonda," akasema.

"Wanasema nimekufa."

"Nilijua hujafa. Ungekufa, Leon angenipa pole."

"Ulijua! Na Rainaldo je? Yuko humu?"

"Yuko juu. Amelala. Kitandani kwako, ukitaka kujua yote."

Nikamshika mkono kwa nguvu. "Ulijua niko hai, ukaolewa?"

"Shusha sauti, na uniachie mkono. Alikuja na mkanda wako kiunoni na pete yako kidoleni. Mlinzi wa lango angemkataliaje? Pete ya bwana wa nyumba! Kabla farasi wake hawajamaliza kunywa maji, watu wake walikuwa wameshika ukuta wote. Kisha akasimama uwanjani akasema, Ansaldo amekufa, mjane wa mtu wangu namwoza nipendavyo, na yatima wa mtu wangu namlea mimi. Ndiyo sheria yenu, au si yenu?"

Ndiyo yetu.

"Nikamwambia, ninakwenda kwa ndugu zangu. Akasema, nenda, mlango ule pale. Ila mtoto habanduki. Haya, baba Irini, mwenye sheria ni wewe. Ungefanya nini?"

"Ningengoja."

"Nilingoja! Nilijifanya mgonjwa, nikafunga, nikaweka matanga marefu mpaka padri akachoka. Nimengoja mpaka nimeishiwa na vya kungojea."

Nikataka kumshika mikono tena, kwa upole mara hii. Akaificha kwenye vazi lake.

"Nikuulize na mimi," akasema. "Leon alijuaje kwamba Rainaldo yuko kwenye matete asubuhi ile? Alijuaje kwamba hajavaa chuma?"

"Bahati tu."

"Bahati ndiyo mimi."

Sikumwelewa. Naapa sikumwelewa, ilibidi anirudie.

"Nilimpelekea Leon habari mimi. Pasaka ile, Rainaldo aliponishika kiuno pale jikoni na kuniambia ngome hii itakuwa yake pamoja na vilivyomo, nilikuja kukwambia usiku ule ule. Ulinijibu nini?"

Nilikumbuka vizuri. Nilimjibu kwamba bwana alikuwa amelewa.

"Nikaona mume ninaye, wa kunitetea sina. Nikajitafutia dawa mwenyewe. Nilimnasa, Ansaldo! Alikuwa amenasika, mzima mzima, hamna aliyekufa, hamna aliyejua. Nilikuwa nakwenda kulala usingizi wa kweli kwa mara ya kwanza. Ukatokea wewe na kiherehere chako, ukaenda kumfungua. Ukamvika na mkanda. Ukampa na pete ya kufungulia nyumba yangu."

Nilikaa chini kwenye tuta la vitunguu. Kile kilio cha mlangoni, siku nilipoondoka kifua mbele. Toba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekwenda kumwambia yeye. Kwa sababu umeapa."

Ningependa kuwaambia kwamba alikosea. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, na sijaweza kusema alikosea.

Evdokia akafuta uso, akachuchumaa karibu yangu, sauti imekuwa ya kazi. "Sasa nisikilize, maana hatuna siku nyingine. Watu wake wote, isipokuwa walinzi wa lango, wameshuka kwenye ngano wanagombania vipimo. Irini analala chumba kile kile, kitanda chake kiko ukutani, huwezi kumfikia bila kumpita yeye. Nimejaribu. Mtoto akisogezwa anaamka papo hapo, ila akiachwa ameshiba anakoroma kama nguruwe. Unapanda, unamaliza, unamchukua mtoto, tunashuka kwa njia ya mbuzi. Leon ana farasi korongoni tangu jana. Kwani unadhani alikuachia kwa mapenzi?"

Akatia mkono chini ya majani ya vitunguu, akatoa kisu.

"Amefungia visu vyote, hata vya kukatia mkate. Anatukatia mwenyewe mezani, kila mtu kipande chake. Hiki kilikuwa ndani ya gunia la unga."

Nikakipokea. Akanishika shavu kwa kiganja chenye udongo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunigusa kwa wema tangu Rainaldo aniage.

"Usiongee naye," akasema. "Nakujua. Usiongee naye hata neno moja."

Nikapanda ngazi za nyumba yangu peku, naruka ile moja inayolia. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya upepo. Irini alikuwa kwenye kitanda chake ukutani, amekua miguu, kidole mdomoni. Mkanda wangu ulining'inia msumarini.

Na Rainaldo alilala chali, mdomo wazi, anakoroma. Mikono yake ilikuwa juu ya kifua, imefunguka viganja juu.

Hiyo mikono, jamani.

Nilisimama juu yake kisu kimeinuliwa. Nilikuwa na sababu zote. Nilikuwa na macho ya Alexios, matanga yangu mwenyewe, kitanda changu, mke wangu. Na bado nilikuwa mtu wake. Sikuwa nimemwacha! Mtu aliyeapa kwa mikono hawezi kumgusa bwana wake mpaka amwache kwanza, kwa sauti, bwana akiwa macho na anasikia. Unaokota unyasi mkavu, unamtupia kifuani, unasema maneno. Hapo mmekuwa wageni, na mgeni unaweza kumuua. Ukimwua bila hivyo, umekuwa Yuda, na mtoto wako ni mtoto wa Yuda kila anapokwenda. Nilifundishwa hayo kabla sijajua kufunga viatu.

Najua mnavyosema. Nawasikia mnavyonizomea huko mlipo. Mngekuwa ninyi mngechoma kisu, mkamchukua mtoto, mkaenda zenu. Ninyi hamkuzaliwa Roccaverde.

Nikakiweka kisu kwenye kigoda kando ya kitanda, nipate nafasi ya mikono. Nikachomoa unyasi mmoja kwenye godoro.

"Bwana Rainaldo," nikasema. "Amka."

Mkoromo ukakatika. Akafungua jicho moja, kisha la pili. Nikamtupia unyasi kifuani.

"Mimi Ansaldo wa Roccaverde nakuacha. Nakurudishia kiapo changu. Kuanzia sasa mimi si mtu wako na wewe si bwana wangu."

Sauti yangu ilikuwa nzuri, haikutetemeka. Baba yangu angefurahi.

Rainaldo akauokota ule unyasi, akautazama. Kisha akajinyoosha taratibu kama mtu aliyeamshwa kuja kula, akaketi, na mkono wake ukapita kwenye kigoda. Uliporudi ulikuwa na kisu.

"Nimekusikia," akasema. "Umefanya vizuri, kwa utaratibu wote. Sikutegemea vingine kwako, mwanangu. Ila sasa umeniondolea mzigo, maana nilikuwa sina ruhusa ya kukuua na wewe ni mtu wangu. Ilinibidi nimtumie Mgiriki."

Alikuwa kati yangu na Irini. Mtoto aligeuka, akaita mama kwa sauti ya usingizi.

Rainaldo akakigeuza kisu kwenye mwanga wa dirisha. Akapitisha kidole kwenye mpini, akakinusa kidole.

"Unga," akasema. "Langoni hukupita, walinzi wangeniita. Nani amekufungulia mlango, Ansaldo?"

"Nimeruka ukuta."

Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na ulitoka kirahisi mpaka nikashangaa. Ningeujua mapema, jamani!

"Ukuta huo nimeupandisha mwenyewe baada ya kukuzika. Haruki hata paka. Nani?"

"Nimekwambia nimeruka."

"Mimi," sauti ikasema nyuma yangu.

Nikageuka. Evdokia alikuwa amesimama mlangoni, udongo wa bustani bado uko kwenye magoti yake. Alimtazama Rainaldo, akakitazama kisu mkononi mwake, kisha akanitazama mimi. Mikono yake ilikuwa mitupu. Kitu pekee chenye makali alichoweza kuficha katika nyumba ile alikuwa amenipa mimi.